Jukwaa Lililo Mkabala na Norfolk

Ukumbi wa maigizo wa Kenya National Theatre jijini Nairobi ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Askari walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa Mau Mau, jengo lenye jina la taifa lilizinduliwa na mwigizaji wa Kiingereza, Ralph Richardson. Taifa lenyewe lilikuwa bado. Jukwaa lilitawaliwa na vikundi vya wazungu na michezo ya ng'ambo, na hata uhuru wa 1963 haukuibadilisha hali hiyo upesi.

Mahali penyewe pana historia nzito. Ng'ambo ya barabara ipo Hoteli ya Norfolk, makutano ya walowezi wa zamani. Machi 1922 umati uliofika kituo cha polisi cha jirani kudai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe ulimiminiwa risasi, na husimuliwa kwamba walowezi nao walifyatua bunduki kutoka barazani mwa hoteli hiyo. Barabara hiyo sasa inaitwa Harry Thuku.

Ndiyo maana maonyesho ya Oktoba 1976 hayakuwa kazi ya sanaa tu. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, pamoja na ya Francis Imbuga, zilikuwa zikiandaliwa kwa tamasha la sanaa la FESTAC la Lagos. Zilipewa siku chache mno, kwa kuwa maonyesho ya kigeni yalikwisha kutengewa nafasi. Ngũgĩ amesimulia jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji kucheza na kuimba, wakatoka nao mpaka barabarani, upande wa Norfolk.

Februari 1982 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walikuja kwenye ukumbi huo na Maitũ Njugĩra, mchezo wa Ngũgĩ wa Kikuyu, wakakuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, hatua chache tu kutoka hapo. Watu wakafurika kutazama mazoezi, hadi nayo yakapigwa marufuku. Mwezi uliofuata polisi waliubomoa ukumbi wao wa kijijini. 

Ukarabati mkubwa wa Kenya National Theatre ulikamilika 2015. Miongoni mwa wanaoujaza ukumbi siku hizi ni wanafunzi wa sekondari, wanaoletwa kutazama tamthilia watakazotahiniwa.