Weusi wa Vijiko vya Fedha na Namna ya Kuuondoa

Fedha haipati kutu kama chuma. Oksijeni iliyomo hewani haiidhuru katika joto la kawaida, na hata maji matupu hayaibadilishi. Kinachoifanya iwe nyeusi ni salfa. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, imo hewani kwa kiasi kidogo sana, ikitoka kwenye vinamasi, taka zinazooza na moshi wa makaa ya mawe. Kiasi hicho kidogo kinatosha. Salfa hujishika na fedha iliyo juu ya kijiko, vikaungana kuwa salfaidi ya fedha. Utando wake ukiwa bado mwembamba, chini ya sehemu 1 kwa 10,000 ya milimita, kijiko huwa na umanjano hafifu. Ukizidi unene hugeuka kahawia, kisha zambarau yenye ubuluu, na mwishowe mweusi tititi.

Jikoni salfa haina haja ya kusubiri hewa. Yai la kuchemsha, vitunguu, kabichi na haradali vyote vinayo, na kijiko kilichoachwa na mabaki ya yai huanza kubadilika rangi muda si mrefu. Ndiyo sababu mafundi wa Uingereza walizoea kuvipaka dhahabu vijiko vya kulia mayai.

Vijiko vinavyoitwa vya fedha si fedha tupu. Fedha tupu ni laini mno, uma wake ungepinda mezani, kwa hiyo huchanganywa na shaba: sehemu 925 za fedha katika 1,000, na nambari hiyo hupigwa chapa nyuma ya mpini. Vingine ni vya bei nafuu zaidi. Tangu kampuni ya Elkington ya Birmingham ipate hataza ya kupaka fedha kwa umeme mwaka 1840, vyombo vingi vimekuwa vya shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, juu yake ukiwa utando mwembamba tu wa fedha. Hivi vinahitaji uangalifu kuliko vyote.

Sababu ni kwamba weusi ule si uchafu uliotua juu ya fedha. Ni fedha yenyewe, iliyofungwa na salfa. Kila anayeusugua mpaka utoke anaitoa na fedha pamoja nao. Dawa ya meno, majivu na mchanga, vinavyosifiwa sana majumbani, huacha mikwaruzo, na kijiko kilichopakwa kikisuguliwa miaka mingi huanza kuonyesha madini ya chini kwenye mgongo wake. Ndimu nayo, inayong'arisha shaba vizuri, haina nguvu juu ya salfaidi ya fedha.

Njia bora ni ile inayoirudisha fedha mahali pake, na vifaa vyake vimo jikoni. Vijiko huoshwa kwanza kwa sabuni ili mafuta yatoke. Karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia chakula, hutandikwa ndani ya bakuli la kioo au beseni linalostahimili moto, na vijiko hupangwa juu yake, kila kimoja kikiigusa. Kisha hunyunyiziwa soda ya kuokea, kama vijiko vinne vya chakula kwa lita moja ya maji, na maji yaliyotoka kuchemka humiminwa mpaka yavifunike. Papo hapo mapovu madogo huanza kupanda na harufu ya yai viza husikika. Hiyo ni salfa inayoondoka. Baada ya dakika chache weusi hufifia wenyewe, na ile karatasi hutoka imefifia, pengine ina vitundu.

Kinachotendeka pale ni kama betri ndogo. Aluminiamu hutoa elektroni kwa urahisi kuliko fedha. Elektroni hizo hupita palipogusana na kufika kwenye kijiko, ambako fedha iliyofungwa huachana na salfa na kuwa madini tena. Soda ina kazi mbili: huuondoa utando mgumu unaoikinga aluminiamu, na huyapa maji uwezo wa kupitisha umeme. Kijiko kisichogusa karatasi hubaki kama kilivyo.

Sufuria kuukuu ya aluminiamu hufanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe huharibika sura. Magadi pia yanafaa, kwa kuwa yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, na hii ya pili ndiyo soda ya kuokea. Yasichanganywe kamwe na kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi na kushambulia aluminiamu kwa nguvu.

Si kila chombo kiingie katika maji hayo. Visu vyenye mpini wenye uwazi ndani mara nyingi vimejazwa lami au utomvu, na joto hulegeza viungo vyake. Lulu na vito vilivyogandishwa kwa gundi huharibika. Khanjari za Oman na mirashi ya zamani yenye nakshi ziepushwe pia: weusi uliotulia ndani ya michoro ndio unaoifanya nakshi ionekane, nayo njia hii huufuta wote. Vyombo hivyo hutosha kupanguswa kwa kitambaa laini na unga mwororo wa chaki uliolowanishwa kidogo. Dawa ya klorini ya kufulia isitumike kwa fedha yoyote, kwani klorini huila na kuacha vishimo visivyozibika.

Baada ya kusuuzwa, vijiko hukaushwa vizuri na kufungwa kwa kitambaa cha pamba kilicho safi. Sufu na mipira ya kufungia vina salfa, na hurudisha weusi upesi. Vijiko vinavyotumiwa na kuoshwa kila siku huchelewa zaidi kuwa vyeusi kuliko vile vinavyowekewa wageni kabatini.