Mwinjilisti na Katekista Kijana Vijijini Karagwe na Kyerwa

Sehemu ya Kwanza: Makazi, Kazi na Riziki

Mmisionari kijana katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mara nyingi ni Mtanzania aliyetumwa na kanisa lake kukaa kijijini na kuwalea Wakristo wa mahali hapo. Kwa Walutheri huitwa mwinjilisti, naye husimamia mtaa, ambao ni tawi la usharika. Kwa Wakatoliki huitwa katekista, naye husimamia kigango kilicho chini ya parokia. Mchungaji au padre mmoja huwa na mitaa au vigango kadhaa vilivyotawanyika milimani, kwa hiyo anayeonekana kijijini juma hadi juma ni kijana huyu. Yeye ndiye hufundisha watoto, huongoza sala, hutembelea wagonjwa na mara nyingi huwa wa kwanza kufika penye msiba.

Asili ya kazi hii

Dini za Kitabu zilianza kusikika Karagwe kwa njia ya biashara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika. Huyo ndiye mtawala aliyewapokea Waingereza Speke na Grant mwaka 1861, walipokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile.

Misheni za Kikristo zilikuja baadaye, na zilianzia upande wa Bukoba. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Uprotestanti uliingia kutoka Buganda kwa mikono ya Wahaya wenyewe waliojifunza kusoma huko, na Misheni ya Bethel ya Ujerumani ilipofika Bukoba mwaka 1910 ilikuta tayari kuna wasomaji. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari Wajerumani, wakarudi, kisha Vita Kuu ya Pili ikawaondoa tena. Katika vipindi hivyo walimu Waafrika ndio waliozuia madarasa na makanisa ya vijijini yasifungwe. Hivyo mwinjilisti na katekista wa leo wamerithi kazi ambayo tangu mwanzo ilibebwa kwa sehemu kubwa na wenyeji.

Makanisa yaliyozaliwa na kazi hiyo sasa yanajitegemea kiutawala. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) iliundwa mwaka 1979, na Jimbo Katoliki la Kayanga likaundwa mwaka 2008 kwa kumegwa kutoka Jimbo la Rulenge.

Nchi na watu

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila moja ya wilaya hizi mbili. Wengi wao ni Wanyambo, nao huishi pamoja na Wahaya na watu waliotoka sehemu nyingine za maziwa makuu. Nchi yenyewe ni ya milima mirefu yenye mabonde katikati, na Mto Kagera unaitenganisha na Rwanda na Uganda.

Umbo hilo la nchi hupanga maisha ya kila mtu, akiwemo mtumishi wa kanisa. Nyumba zimejengwa ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayochanganywa na kahawa na maharage. Chemchemi mara nyingi ziko bondeni, na maji hupandishwa kwa ndoo kichwani au kwa madumu yaliyofungwa kwenye baiskeli. Familia yenye tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati imeondolewa mzigo mkubwa. Kijana aliyepangiwa kituo kisicho na tangi hujifunza mapema kwamba saa za kuteka maji lazima zihesabiwe katika ratiba ya siku, hasa kiangazi, chemchemi zinapopungua.

Nyumba, kibanja na posho

Mtumishi hupewa nyumba karibu na kanisa, au hukaa kwake ikiwa amezaliwa kijiji hicho. Posho yake hutokana na matoleo ya waumini, na matoleo hayo hufuata msimu. Kahawa ya Karagwe ni robusta hasa, na huvunwa katikati ya mwaka. Wakulima wanapolipwa, ahadi hutimizwa na bahasha hujaa. Miezi ya mvua za mwisho wa mwaka, wakati akiba imekwisha na maharage bado yako shambani, sadaka hupungua na posho huweza kuchelewa.

Ndiyo sababu karibu kila mwinjilisti na katekista ni mkulima pia. Alfajiri huwa shambani akipalilia, akipogoa migomba au akitandaza nyasi za kuhifadhi unyevu, na kazi za kanisa huanza jua likiwa limepanda. Ukulima huu humlisha, lakini pia humpa sauti. Mnyauko wa bakteria wa migomba, uliogunduliwa Kagera mwaka 2006, uliwafikia wakulima wote bila kuuliza dini. Dawa ya kuponya mgomba uliougua haipo. Kinga ni kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kung'oa migomba iliyoathirika na kuunguza panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Mtumishi anayefuata kanuni hizo katika kibanja chake anaweza kuzitangaza baada ya ibada, na watu wakamwamini kwa sababu wameona migomba yake.

Kazi za juma

Mchana na jioni ni wakati wa kutembelea. Asubuhi watu wako mashambani, na anayebisha hodi saa hizo hukuta watoto na wazee tu. Safari ni za miguu au baiskeli. Bodaboda hutumika pale umbali au mvua inapolazimisha, kwani nauli ya safari chache inaweza kumega sehemu kubwa ya posho. Nyumbani kwa watu mgeni hupewa kiti, na pengine kahawa ya kutafuna, kabla ya neno lolote la kazi. Kijana hawezi kuharakisha hatua hiyo. Huwaamkia wazee kwa heshima na kusubiri waulize habari kwanza.

Mafundisho huchukua siku kadhaa za juma. Katika KKKT vijana huandaliwa kwa kipaimara, na katika Kanisa Katoliki kuna wakatekumeni pamoja na watoto wa komunyo ya kwanza. Kiswahili ndicho lugha ya vitabu, ila kwa wazee maelezo hutolewa kwa Kinyambo, lugha iliyo karibu sana na Kihaya na Kinyankole. Mtumishi aliyetoka mkoa mwingine hujifunza lugha hiyo, la sivyo hataweza kumfariji mgonjwa mzee.

Kwa Wakatoliki, nguzo ya juma ni jumuiya ndogondogo, zinazokutana nyumbani kwa wanajumuiya kwa zamu. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Mmoja wa watetezi wakubwa wa njia hiyo alikuwa Askofu Christopher Mwoleka, aliyeongoza Jimbo la Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996, Karagwe ikiwa sehemu ya jimbo hilo. Mwoleka aliunga mkono ujamaa waziwazi, na mwenyewe akaenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Mfano wake ulionyesha kwamba kushiriki jembe la maskini ni sehemu ya kuhubiri.

Jumapili padre asipofika, katekista huongoza ibada ya Neno. Mwinjilisti wa Kilutheri naye huongoza ibada ya mtaa na kuhubiri, lakini sakramenti humsubiri mchungaji. Baada ya ibada hufuata mnada: mikungu ya ndizi, maharage, mayai na kuku vilivyotolewa na wasio na fedha taslimu hunadiwa nje ya kanisa. Kwa njia hiyo hata mjane asiye na shilingi hushiriki kulijenga kanisa lake.

Ugonjwa, msiba na majanga

Huduma nzito kuliko zote ni ya wagonjwa na wafiwa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na kwa miaka mingi watumishi walizika vijana wa rika lao na kuwatafutia yatima walezi. Makanisa pia yanaendesha hospitali: Nyakahanga ya Walutheri iko Karagwe, na Isingiro ya Wakatoliki iko Kyerwa. Mtumishi wa kijijini ni kiungo chao. Humshawishi mgonjwa asikawie nyumbani, huwakusanya majirani wa kumsafirisha, na humfuatilia anapotakiwa kuendelea na dawa.

Mipaka nayo imeleta majanga yake. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera hadi Kyaka, na mwaka 1994 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe. Chakula, kuni na makaburi vilipohitajika, makanisa ya vijijini yalikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa.

Vijana kutoka ng'ambo

Vijana wa Ulaya bado hufika kwa muda mfupi kupitia urafiki wa makanisa, wakifundisha au kusaidia hospitalini. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Mapadre Weupe mwaka 1868, aliwataka wamisionari wake waishi si chini ya watatu pamoja na wajifunze lugha ya wenyeji mapema. Kanuni hizo bado zina maana. Mgeni anayekubali kuongozwa na mwinjilisti au katekista wa mahali huacha manufaa. Anayefika na mpango wake tayari mara nyingi huacha jengo lisilo na mwenyewe.

Hitimisho

Umaskini wa kijiji humpata mtumishi kama unavyowapata majirani zake, na kuushiriki kwake ndiko kunakofanya neno lake lisikilizwe. Hata hivyo, kushiriki umaskini si sababu ya kumwacha bila posho. Mabaraza ya wazee na halmashauri za parokia yanapaswa kupanga posho yake kwenye mavuno ya kahawa, ili imfikishe hadi miezi ya uhaba, na kumpatia bima ya afya, tangi la maji na baiskeli nzima. Hayo yako ndani ya uwezo wa sharika na parokia nyingi za Karagwe na Kyerwa.

Sehemu ya pili itaeleza mafunzo wanayopata wainjilisti na makatekista kabla ya kupangiwa vituo.