Biblia ya Vitabu 73: Orodha Ilitoka Wapi?

Mkatoliki aliyekulia Moshi, Bukoba au Kisii, akahamia Texas au Manchester, hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na swali hili. Linaulizwa kazini wakati wa mapumziko, au na jirani Mlokole ambaye Biblia yake imepigiwa mistari kila ukurasa: kwa nini ninyi mliongeza vitabu kwenye Neno la Mungu? Wengi wetu hujibu kwamba ndivyo Kanisa linavyofundisha. Jibu hilo ni la kweli, ila halimfai aliyeuliza, kwa sababu mamlaka ya Kanisa ndiyo anayoitilia shaka tangu mwanzo. Swali lake linastahili jibu la kina zaidi, kwa kuwa nyuma yake kuna swali jingine linalomhusu yeye pia: nani alisema kitabu gani kiingie na kipi kibaki nje? Hakuna mstari wowote katika Biblia, iwe ya vitabu 66 au 73, unaotaja orodha ya vitabu vyake. Ukurasa ule wa mbele wenye majina kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo haukuandikwa na Musa wala Paulo. Ni hukumu iliyotolewa na Kanisa, na kila anayeishika Biblia ameipokea hukumu hiyo, akijua au asijue.

Vitabu vinavyobishaniwa ni saba: Tobiti, Yudithi, Hekima ya Sulemani, Yoshua bin Sira, Baruku na vile viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Wakatoliki tunaviita deuterokanoni. Waprotestanti huviita apokrifa. Vyote vilikuwamo katika Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki iliyoanzwa na Wayahudi wa Aleksandria huko Misri karne ya tatu kabla ya Kristo, na ambayo ndiyo Agano la Kale lililosomwa na Wakristo wa mwanzo waliozungumza Kigiriki. Namna vitabu hivi vilivyosafiri inaonekana vizuri zaidi katika Yoshua bin Sira. Mwandishi alikuwa mwalimu wa Yerusalemu aliyeandika kwa Kiebrania. Mjukuu wake akahamia Misri mwaka wa 38 wa Mfalme Euergete, yaani 132 kabla ya Kristo, akakuta jumuiya ya Wayahudi wanaoishi ugenini na kusoma Kigiriki, akakitafsiri kitabu cha babu yake kwa ajili yao. Katika dibaji yake anaomba asamehewe pale tafsiri inapopungukiwa, maana maneno ya Kiebrania hayana nguvu ileile yakihamishiwa lugha nyingine. Kwa msomaji anayeishi mbali na alikozaliwa, sijui dibaji ya kale iliyo karibu naye kuliko hii.

Shutuma ya kwanza ni kwamba vitabu hivi viliongezwa na Mtaguso wa Trento tarehe 8 Aprili 1546 ili kumjibu Martin Luther. Hii ndiyo rahisi kuipima, kwa sababu tarehe zenyewe zinasema. Biblia ya Kilatini aliyoichapa Gutenberg mjini Mainz mnamo 1455 ina Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, na Luther alizaliwa 1483. Mtaguso wa Firenze ulivitaja kwa majina mwaka 1442. Papa Inosenti wa Kwanza alivitaja mwaka 405 alipomwandikia askofu wa Toulouse aliyemwuliza kuhusu jambo hilihili. Kabla yake, maaskofu wa Afrika walikutana Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, katika nchi ambazo leo ni Algeria na Tunisia, wakatoa orodha yenye vitabu hivyo pamoja na vile 27 vya Agano Jipya. Trento ilichofanya ni kuifunga kwa amri ya dini orodha iliyokuwa ikisomwa Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kabla ya hapo Kanisa halikuwa limehitaji kuifunga hivyo.

Ugomvi wenyewe una mahali na mwaka. Leipzig, 1519, Luther alijadiliana na Johann Eck, mwanateolojia Mkatoliki, kuhusu toharani. Eck akaleta sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambapo Yuda Makabayo anachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi za askari waliokufa vitani. Luther akajibu kwamba kitabu hicho hakimo katika kanuni ya Maandiko, yaani orodha rasmi ya vitabu vyake, hivyo hakiwezi kuthibitisha fundisho. Ni haki kukiri kwamba hakulibuni wazo hilo, kwa maana wasomi kadhaa wa zama zilizotangulia walikuwa na shaka kama hiyo. Hata hivyo, katika Biblia yake kamili ya 1534 alivichapa vitabu hivyo, akiviweka peke yake kati ya Agano la Kale na Jipya, akieleza kwamba si sawa na Maandiko Matakatifu lakini vinafaa kusomwa. Biblia ya Mfalme James ya 1611 nayo ilikuwa navyo. Vilitoweka kwenye mikono ya watu wengi baadaye sana, hasa baada ya mabishano yaliyofikia kilele mwaka 1826, Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje kilipoamua kutotoa fedha kwa ajili ya kuvichapa. Vyama vya Biblia ndivyo vilivyochapa Maandiko kwa lugha nyingi za Afrika, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952, ambayo wengi wetu tumekariri mistari yake hata tukiwa Wakatoliki, ina vitabu 66. Mtu aliyelelewa nayo ana kila sababu ya kudhani kwamba 66 ndiyo hesabu ya asili na kwamba 73 ni nyongeza. Historia inakwenda kinyume na dhana hiyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la Wayahudi wenyewe. Paulo anawaambia Warumi kwamba Wayahudi ndio waliokabidhiwa maneno ya Mungu, nao hawana Tobiti wala Wamakabayo. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeandika mwishoni mwa karne ya kwanza, anataja vitabu 22 tu. Hoja hii isipuuzwe. Lakini inadhani kwamba siku za Yesu palikuwa na orodha moja iliyofungwa, ambayo Wayahudi wote waliikubali, na ushahidi haukubaliani na hilo. Masadukayo waliipa Torati nafasi ya pekee. Katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, ambako magombo yalianza kupatikana mwaka 1947, vimeonekana vipande vya nakala tano za Tobiti, nne za Kiaramu na moja ya Kiebrania, na hakuna hata kipande kimoja cha Esta. Kule Masada, ngome ya mwisho ya Wayahudi waliopigana na Warumi, kilichimbuliwa mwaka 1964 kipande cha Yoshua bin Sira kwa Kiebrania. Zamani ilidaiwa kwamba marabi walikutana Yamnia mnamo mwaka 90 wakaifunga orodha. Dhana hiyo ilienezwa na Heinrich Graetz mwaka 1871, na tangu utafiti wa Jack Lewis wa 1964 wanazuoni wengi wameiacha. Marabi walifikia orodha yao, naam, lakini walipomaliza kazi hiyo Kanisa lilikuwa tayari likiomba na kuhubiri kwa Septuaginta. Jumuiya isiyompokea Yesu kuwa Masiha haiwezi kupewa neno la mwisho juu ya vitabu vya Wakristo, na Waprotestanti wanakubali kanuni hiyo kila wanapofungua Injili ya Mathayo.

Kisha hutajwa Mababa wa Kanisa, na hapa Mkatoliki asijifanye kwamba njia ilikuwa nyeupe. Mtakatifu Yeronimo alitaka vitabu vya Kiebrania peke yake vitumike kuthibitisha mafundisho. Mtakatifu Atanasi, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, aliviweka Tobiti, Yudithi, Hekima na Yoshua bin Sira katika kundi la vitabu vya kuwasomea wanaojifunza imani, nje ya kanuni. Hayo yapo, na yanajulikana. Ila anayemwita Atanasi awe shahidi wake na amsikilize hadi mwisho: katika barua hiyohiyo anakiweka Baruku ndani ya kanuni, pamoja na Yeremia, na kukitoa Esta. Orodha yake si ya vitabu 66. Yeronimo naye, pamoja na shaka zake, alikitafsiri Tobiti kwa ombi la maaskofu, wakati Mtakatifu Augustino alivitetea vitabu vyote kwa kigezo cha makanisa: vipokewe vile vinavyopokewa na makanisa yaliyo mengi na yenye uzito. Sinodi za Afrika zilifuata njia hiyo. Mwanachuoni mmoja, hata awe mkubwa kama Yeronimo, alikuwa na maoni. Sinodi zilikuwa zikishuhudia kinachosomwa altareni. Na hati kongwe zinaunga mkono ushuhuda huo. Katika Codex Vaticanus ya karne ya nne, Hekima na Yoshua bin Sira vinafuata baada ya Ayubu, kisha Esta, Yudithi na Tobiti, kisha manabii. Aliyeinakili hakuviweka pembeni wala kuvipa kichwa cha onyo. Ni kweli kwamba Wamakabayo hawamo humo, na kwamba hati nyingine za wakati huo zina vitabu ambavyo sisi hatuvipokei. Kingo za orodha zilikuwa bado zinatengenezwa, na ndiyo maana palihitajika mwenye kuamua.

Wapo wanaosema Agano Jipya halivinukuu vitabu hivi. Halimnukuu Esta wala Wimbo Ulio Bora pia, ilhali Waraka wa Yuda unamnukuu Henoko, ambaye kitabu chake hakimo katika Biblia ya Waprotestanti. Nukuu, basi, haiwezi kuwa kipimo. Na msomaji wa Waebrania 11:35 atafute mahali pengine katika Agano la Kale panaposimulia watu walioteswa wakakataa kuachiliwa ili wapate ufufuko ulio bora. Atakuta ndugu saba na mama yao katika sura ya saba ya Wamakabayo wa Pili.

Mprotestanti makini atajibu kwamba Kanisa halikuhitajika: Mungu mwenyewe humshuhudia msomaji moyoni. Mwanamatengenezo John Calvin alifundisha hivyo, akisema Maandiko hujidhihirisha kama vile nyeupe na nyeusi, tamu na chungu zinavyojidhihirisha zenyewe. Kwa upande mmoja ni kweli. Mkatoliki naye anaamini kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayeifungua akili ya msomaji. Lakini kama njia ya kuipata orodha, ushuhuda huo haukufanikiwa hata kwa Luther. Aliuonja Waraka wa Yakobo akauita wa majani makavu, na mwaka 1522 aliuweka mwishoni pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, bila kuvipa namba alizovipa vitabu vingine. Iwapo mwanzilishi wa Matengenezo hakuonja alichoonja Calvin, Mkristo wa kawaida atajuaje? R. C. Sproul, mwanateolojia Mprotestanti wa Marekani, alikuwa mkweli kwa kusema kwamba walicho nacho ni mkusanyo unaoweza kukosea wa vitabu visivyokosea. Nauheshimu ukweli huo. Lakini ukikubali kwamba orodha inaweza kuwa na kosa, huwezi tena kumwambia jirani yako kwa uhakika kwamba Wamakabayo si Neno la Mungu.

Hapo mkana Mungu huingia na kusema: vizuri, nyote mmekiri kwamba watu ndio waliochagua. Na huongeza hadithi iliyoenea sana tangu riwaya ya The Da Vinci Code ya 2003, kwamba Kaisari Konstantino na maaskofu wake walivichagua vitabu Nikea mwaka 325 kwa manufaa ya dola. Kanuni 20 za Nikea zipo hadi leo. Hakuna hata moja inayozungumzia orodha ya vitabu. Askofu Irenei wa Lyon alikuwa akitetea Injili nne, wala si tatu wala tano, mnamo mwaka 180, wakati dola ilikuwa ikiwaua Wakristo. Lipo pia pingamizi la makosa: Yudithi inamwita Nebukadneza mfalme wa Waashuru huko Ninawi, ilhali alitawala Babeli. Mprotestanti asishangilie pingamizi hilo, kwa sababu Danieli sura ya tano, iliyomo katika Biblia yake, inamwita Belshaza mwana wa Nebukadneza, ilhali baba yake alikuwa Nabonido. Wote wawili tunapaswa kuuliza kitabu ni cha aina gani na mwandishi alikusudia kufundisha nini kabla ya kukipima kama kumbukumbu za ofisi ya serikali.

Kuhusu dola kuchagua, kuna kumbukumbu za kweli za serikali, nazo zinaonyesha kinyume. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano aliamuru Maandiko ya Wakristo yachomwe. Mwezi Mei mwaka huo maofisa wa mji wa Cirta, katika Numidia ya Afrika Kaskazini, walifika kwenye nyumba ya ibada na kudai vitabu. Walipewa kimoja kikubwa. Wakauliza vingine viko wapi, wakaambiwa viko kwa wasomaji. Wakazunguka nyumba kwa nyumba wakivikusanya na kuandika idadi katika ripoti ambayo maelezo yake yamehifadhiwa. Miaka 22 kabla ya Nikea, wasomaji wa Cirta walijua ni vitabu gani vinavyotafutwa, na Kanisa la Afrika lilivutana kwa miaka mingi juu ya wale walioviachia. Hippo ilikuwa katika Numidia hiyohiyo. Maaskofu walioketi huko miaka 90 baadaye walirithi vitabu ambavyo serikali ilikuwa imeshindwa kuviteketeza, na kule Karthago walisema wazi kwamba orodha hiyo wameipokea kwa baba zao ili isomwe kanisani, wakataka Kanisa la ng'ambo ya bahari liulizwe ili liithibitishe. Historia hii haithibitishi kwamba Mungu yupo, wala kwamba alinena kupitia Tobiti. Anayemkana Mungu ana mjadala mwingine wa kuanza nao. Inachothibitisha ni kwamba orodha ya vitabu 73 ina wenyewe, na wanajulikana kwa miji yao na miaka yao, jambo ambalo orodha ya 66 haiwezi kulionyesha katika sinodi yoyote ya Kanisa zima kabla ya karne ya kumi na sita.