Jina la Farasi Halirukii Kiunzi

Kila unapofika mwezi wa Aprili, wakati mbio za Grand National zinapokimbiwa katika uwanja wa Aintree, jirani na mji wa Liverpool nchini Uingereza, wataalamu wa hesabu za kamari huulizwa swali lile lile: je, farasi ambaye jina lake linafanana na la marehemu mama, au la mtaa alikozaliwa mtu, au la jambo lililomfika wiki hiyo hiyo, si ishara kwamba dau liwekwe juu yake? Huuliza Waingereza ambao hawabeti ila siku hiyo moja katika mwaka, huuliza Waafrika Mashariki wanaoishi nao, na tangu ubashiri ulipoingia katika simu za mkononi huuliza hata watu ambao hawajawahi kumwona farasi akiruka kiunzi. Jibu ni hapana. Mshindi wa mwaka 1839, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa ndio mwanzo wa mbio hizo, aliitwa Lottery, yaani Bahati Nasibu, na wapenzi wa ishara hulitaja jina hilo kama kwamba ni hoja, ilhali kama lina maana yoyote, basi linawapinga wao.

Kosa la kwanza la muulizaji ni kudhani kwamba jina humfuata farasi kutoka katika tabia yake, wakati jina la mbio husajiliwa kabla mnyama hajakimbia hata mara moja, na husajiliwa na mtu mwenye mambo yake mwenyewe kichwani. Nchini Uingereza jina halipaswi kuzidi herufi 18 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, halipaswi kuwa limeshikwa na farasi mwingine wala kuwamo katika orodha ya majina mashuhuri yaliyohifadhiwa yasitumike tena, na kwa kuwa majina mazuri mengi yamekwisha kuchukuliwa, wenye farasi huokota walipopata. Red Rum, farasi pekee aliyeshinda Grand National mara 3, mwaka 1973, 1974 na 1977, alipata jina lake kwa kuunganishwa herufi 3 za mwisho za jina la mama yake, Mared, na herufi 3 za mwisho za jina la baba yake, Quorum. Waliogundua kwamba jina hilo likisomwa kinyumenyume huleta neno la Kiingereza la mauaji, wakaona siri nzito ndani yake, walikuwa wakisoma bahati ya tahajia. Minella Times, aliyeshinda mwaka 2021 akiwa na Rachael Blackmore, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo, analo neno Minella kwa sababu familia ya mtu aliyempa jina inamiliki hoteli yenye jina hilo katika mji wa Clonmel nchini Ireland, na wako farasi wengine kadhaa waliobatizwa jina la hoteli hiyo hiyo. Kwa hiyo bibi aliyeweka dau lake mwaka ule kwa kuwa mjukuu wake anaitwa Minella alishinda kwa jina la hoteli. Nchini Ufaransa farasi wa mbio za kukokota kigari hupewa majina yanayoanza kwa herufi ya mwaka wa kuzaliwa kwao, ndiyo maana Ready Cash aliyezaliwa mwaka 2005 ana R na Bold Eagle wa mwaka 2011 ana B, na mtu anayefurahi kuona herufi yake ya kwanza juu ya farasi wa huko anafurahia kalenda.

Iwapo mfano mmoja unatosha kuifunga sehemu hii, basi ni wa Arkle na Foinavon. Anne, Duchess wa Westminster, alikuwa na desturi ya kuwapa farasi wake majina ya milima ya kaskazini ya Uskoti iliyokuwa karibu na mashamba yake, na wote wawili waliitwa hivyo na bibi huyo huyo, kutokana na milima iliyo jirani. Arkle alishinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham mwaka 1964, 1965 na 1966, na hadi leo wengi humhesabu kuwa farasi bora kuliko wote wa mbio za viunzi. Foinavon aliuzwa kwa sababu hakuonyesha makali, akaingia Grand National ya mwaka 1967 kwa malipo ya 100 kwa 1, akiwa dhaifu machoni pa watu kiasi kwamba mmiliki wake mpya hakufika uwanjani, na mkufunzi wake alikuwa katika mbio nyingine huko Worcester. Kwenye kiunzi cha 23, ambacho ni miongoni mwa vile vifupi zaidi, farasi asiye na mpandaji alikatiza mbele ya wenzake, waliofuata wakagongana na kuzuiana, na Foinavon, aliyekuwa nyuma mno, akapata muda wa kuelekezwa pembeni, akaruka na kwenda zake peke yake hadi mwisho. Alishinda kwa sababu ya kuchelewa. Mlima haukuhusika.

Hapo ndipo mwenye imani ya majina hutoa karata yake kubwa, nayo ni Party Politics. Farasi huyo, ambaye jina lake lina maana ya siasa za vyama, alishinda tarehe 4 Aprili 1992 kwa malipo ya 14 kwa 1, siku 5 tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza uliofanyika tarehe 9 Aprili. Watu waliompa fedha zao kwa sababu ya uchaguzi walilipwa, na simulizi hiyo imekuwa ikirudiwa kwa zaidi ya miaka 30 kana kwamba ni jaribio la maabara. Lakini hakuna anayesimulia mamia ya farasi wenye majina yanayolingana na vita, harusi za kifalme, filamu na mechi za mpira ambao walianguka kwenye viunzi vya mwanzo, kwa sababu simulizi ya aina hiyo haina msikilizaji. Ushahidi unaokusanywa kwa kuwahesabu waliopata na kuwasahau waliokosa haufai hata kwa kuchagulia embe sokoni, seuze kwa kuweka fedha.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba ishara hizi hazina uhaba, na jambo hili huthibitishwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Tangu mwaka 2024 Grand National hukimbiwa na farasi wasiozidi 34, na ikichukuliwa kwa makadirio ya chini kwamba kila jina lina nafasi ya 1 kati ya 10 ya kugusa kitu fulani katika maisha ya msomaji, awe mzazi, mchumba, kijiji, kazi, timu, ndoto au wimbo, basi uwezekano wa kutokuta mguso wowote katika orodha nzima ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara 34, yaani karibu asilimia 3. Kwa maneno mengine watu 97 kati ya 100 wataikuta ishara yao katika kila mbio, na kwa wastani watakuta zaidi ya tatu, jambo ambalo lingepaswa kuwashtua, kwa kuwa farasi watatu hawawezi kushinda mbio moja. Tena, wakichukuliwa watu milioni 1 wanaobeti kwa majina, wakagawanyika sawasawa juu ya farasi 34, basi farasi yeyote atakayeshinda atakuwa na watu zaidi ya 29,000 nyuma yake, kila mmoja akiwa na kisa cha kweli cha kusimulia kuhusu marehemu mama na jina lake. Hawadanganyi. Visa vyao ni vya kweli, na vingekuwapo hata kama farasi wangepewa namba tupu, kwa sababu hapo zingetafutwa tarehe za kuzaliwa.

Mvuto wenyewe unajulikana na hauhitaji miujiza. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Ubelgiji, Jozef Nuttin, alionyesha kwamba watu huzipenda herufi zilizomo katika majina yao kuliko herufi nyingine bila wao kutambua sababu ya kuzipenda, na kabla yake, mwaka 1975, Ellen Langer wa Marekani alieleza kile kinachoitwa dhana potofu ya udhibiti, yaani mtu kuamini kwamba ana uwezo juu ya jambo la bahati tupu kwa sababu tu amelichagua mwenyewe: waliochagua tiketi zao za bahati nasibu za dola 1 walidai kwa wastani dola 8.67 ili waziuze, wakati waliopewa tiketi bila kuchagua waliridhika na dola 1.96. Jina lenye maana binafsi huongeza mafuta katika moto huo, na mbeti hujihisi kuwa ameteuliwa. Kuhusu wale wanaojumlisha thamani za herufi kwa abjadi, ule utaratibu ambao wanafalaki wa mwambao huutumia kwa jina la mtu na la mama yake, inatosha kusema kwamba farasi mwenyewe mara nyingi haitwi kwa jina la usajili, kwani Red Rum bandani aliitwa Rummy, na mpiga falaki atalazimika kwanza kueleza ni jina lipi kati ya hayo mawili analolipigia hesabu. Bado hajatokea aliyeeleza.

Mpaka hapa msomaji anaweza kujitetea kwamba kama jina halisaidii, basi angalau halidhuru. Linadhuru, na hili ndilo jambo ambalo waulizaji hawalitaki kulisikia. Odi, yaani uwiano kati ya dau na faida inayolipwa, hubeba ndani yake sehemu ya mwenye kampuni: mbio za farasi 6 wanaolingana kabisa, kila mmoja akitolewa kwa 4 kwa 1, humaanisha kila mmoja amepewa bei ya asilimia 20, na jumla ni asilimia 120 badala ya 100, kwa hiyo kati ya kila shilingi 120 zinazowekwa hurudi 100. Huo ni ushuru wa kila mbeti. Mbeti wa majina hulipa na wa pili juu yake, kwa sababu jina linalogusa mioyo ya wengi huvuta fedha za wengi, na kampuni hushusha malipo ya farasi huyo ijilinde, bila uwezo wake wa kukimbia kuongezeka hata kidogo. Farasi mwenye nafasi ya kweli ya 1 kati ya 20 angestahili 19 kwa 1. Akishushwa na mapenzi ya watu hadi 14 kwa 1, basi anayeweka shilingi 10,000 mara 20 juu ya farasi wa namna hiyo hutoa 200,000 na kutarajia kurudishiwa 150,000, dau likiwa ndani yake. Katika mfuko wa pamoja, utaratibu aliouanzisha Joseph Oller mjini Paris mwaka 1867, ambapo fedha zote hukusanywa, mwendeshaji hukata sehemu yake, na zinazobaki hugawanywa kwa walioshinda, hasara hiyo huonekana waziwazi zaidi, kwani jina linalopendwa na wengi ni mgawo mwembamba kwa kila mmoja. Zaidi ya hayo, R. M. Griffith alionyesha mwaka 1949, kwa kuchunguza mbio za Marekani, kwamba umma huweka fedha nyingi kupita kiasi juu ya farasi wenye nafasi ndogo na chache mno juu ya wanaotarajiwa kushinda; na kwa kuwa wengi katika orodha ya farasi 34 ni hao wenye nafasi ndogo, anayechota kwa majina huangukia huko huko ambako fedha hurudi kidogo zaidi.

Kwa anayeng'ang'ania kubeti, yanayofaa kutazamwa yanasemeka upesi. Grand National ina urefu wa takriban kilomita 6.9 na viunzi 30, kwa hiyo itazamwe kwanza rekodi ya farasi katika masafa marefu na kama huanguka mara kwa mara. Utazamwe uzito aliopangiwa na mtathmini rasmi, ambaye humwongezea aliye bora ili mbio zilingane. Iangaliwe hali ya ardhi siku hiyo, kwani wako wanaopenda tope na wako wanaolichukia. Umri nao usipuuzwe, kwa kuwa Noble Yeats wa mwaka 2022 alikuwa mshindi wa kwanza mwenye miaka 7 tangu mwaka 1940. Bei zilinganishwe katika kampuni zaidi ya moja. Dau la pande mbili, ambalo nusu yake ni ya ushindi na nusu ni ya kushika nafasi za mbele, lisomwe masharti yake, hasa idadi ya nafasi zinazolipwa. Anayekwenda uwanja wa Ngong jijini Nairobi afuate mambo hayo hayo, akikumbuka kwamba hata farasi anayependelewa zaidi na wabeti hushinda kwa jumla katika takriban theluthi moja tu ya mbio, na kwamba hakuna lolote kati ya haya linalouondoa ushuru wa kampuni. Anayetaka tu kumkumbuka mama yake kwa tiketi moja anunue, aihesabu fedha hiyo kuwa imekwisha tumika kama kiingilio cha sinema, na asiiongezee nyingine mbio zikimalizika.

Ama yule ambaye tayari anakopa kwa simu ili arudishe alichopoteza, kwake suala la kuchagua farasi limekwisha, na kinachotakiwa ni kufunga akaunti. Kwa wakazi wa Uingereza upo mpango wa GAMSTOP, ambao mtu akijiandikisha huzuiwa na kampuni zote za kamari ya mtandaoni zenye leseni nchini humo. Muda wa kuzuiwa huchaguliwa na mhusika mwenyewe kati ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 5, na kujiandikisha hakuna malipo.