Mzamiaji na Hewa Yake

Tangu miaka ya 1970 wazamiaji wa pwani ya Burundi, kama kule Magara, wamekuwa wakivua samaki wa mapambo wa kuuzwa Ulaya. Anayeanza kazi hiyo huuliza kwanza uzito wa mtungi. Sisi tunasema aulize hewa.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400 za hewa. Juu ya maji mtu hutumia kama lita 20 kwa dakika. Kwenye kina cha mita 20 hutumia karibu mara tatu. Akibakiza robo ya kupandia, ana dakika 30. Akivuta wavu, hata hizo hazifiki.

Mdomo wa pili wa kupumulia, uliofungwa kwenye mtungi uleule, ni wa kumwokoa mwenzako. Mtungi wako ukiisha nawe uko peke yako, haufai kitu. Kwa hiyo mdai mwajiri mtungi mdogo wa akiba: lita 3 kwa baa 200 ni dakika 10 kwenye kina hicho, nazo zatosha kupanda polepole.

Tazama pia tarehe iliyogongwa shingoni. Kwa kawaida mtungi hupimwa nguvu kila baada ya miaka 5. Uliopitwa na muda usiuvae, hata msimamizi akiwa na haraka.