Mutu wa michezo ya ordinatere na mukanda wangu bila sinyature



Juma lililopita, saa ya kutoka ku poste ya usiku, watu wa ekipi yangu walinisimamisha karibu na mulango wa lampisteri. Walikuwa wamesikia habari: kampuni inataka kuleta mashini za kutoboa mwamba zisizo na mutu juu yake. Mutu moja anaikala ku biro, mbele ya ekra, na anaongoza mashini mbili ao tatu pamoja. Muzee moja, tuliyeingia naye kazi mwaka moja, akanishika mukono: «Délégué, ule mukanda ukiutia sinyature, ujue umetuzika wazima.» Sikumujibu. Nilikwenda kulala, lakini usingizi haukukuja.

Mangaribi nikakuta mutoto wangu wa kiume, ule wa kalasi ya tano ya humanités, ameinama juu ya telefone. Nikaanza kumukemea sawa kila siku: michezo, paka michezo. Akanijibu kwa heshima: «Papa, haina muchezo. Ninasoma mambo ya mutu moja wa Amerika, njo aliandikaka programu ya Doom. Anasema mutu akikataa mashini juu inakamata kazi ya watu, hatashinda.» Nikakasirika. Mutu wa michezo anajua nini juu ya kazi? Lakini lile neno lilinibakia ku kichwa, na nikamulomba anisomee tangu mwanzo. Tulisoma siku tatu, kila mangaribi mbele ya mimi kwenda shimoni.

Jina lake ni John Carmack. Alizaliwa mwaka wa 1970 na akakomea upande wa Kansas City. Musifikiri alikuwa mutoto mutakatifu. Akiwa na miaka 14, yeye na wenzake waliingia ku masomo usiku kuiba ordinatere. Polisi ikawakamata, na akapitisha mwaka moja katika nyumba ya kufungia vijana. Sisifu wizi. Nasema ile juu kambini mwetu kuko ba mama wanaolia kila siku juu ya mutoto mwenye akili mingi na mwenendo mubaya. Kisha aliingia université, akaacha mbele ya mwaka wa pili. Mwaka wa 1991 yeye na wenzake watatu wakaanzisha kampuni ya id Software, na tarehe 10 Desemba 1993 wakatoa Doom, muchezo uliogeuza michezo yote iliyofuata. Sehemu ya kwanza waliitoa bure. Aliyependa akalipa ili apate zile zingine.

Kazi yake yeye haikukuwa kuchora picha. Ilikuwa kufanya ordinatere zeifu za ule wakati zikimbie kuliko wenye kuzitengeneza walivyofikiri. Ni sawa ule fundi wetu wa atelier anayeshika pompe ya zamani, na kesho yake inavuta maji sawa mupya. Watu wa namna ile nawapenda, hata wakiwa ngambo ya bahari.

Sasa tufike ku lile neno lililonikasirisha. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya Microsoft ilionyesha muchezo Quake II, ule id Software ilitoa mwaka wa 1997, lakini mara hii picha zake zilitengenezwa na akili ya mashini. Mutu moja akachukia, akaona ni matusi kwa watu wote walioweka jasho yao mu ile kazi. Carmack akajibu kwamba yeye mwenyewe alianza kwa kuandika namba za mashini na mukono, moja moja, na ile kazi leo haina maana tena, imekufa sawa kazi ya kutengeneza magurudumu ya magari ya farasi. Kwake yeye, maendeleo yote ya ordinatere yalitoka ku vyombo vyenye kumupa mutu nguvu zaidi. Kama kazi za watu wa michezo zitaongezeka ao zitapunguka, alisema haijulikani: inaweza kuwa sawa kilimo, pahali watu wachache na mashini wanalisha inchi muzima, ao inaweza kufungua mulango kwa watu wengi wapya. Lakini kusema «tusitumie chombo juu kitaondoa kazi», hapo hakuna mwenye kushinda.

Wandugu, nilitaka kumupinga, na nilishindwa. Huku kwetu udongo wa malachite ulitokaka na mikono na vitunga mbele ya Wazungu kufika, na ba creuseurs wanautoa vile mupaka leo. Kisha zikakuja pelle, treni, kamio za tani mingi. Nani kati yetu anaomba turudishe kitunga? Na hizi mashini zisizo na mutu haziko hadisi. Hapa hapa Kongo, kule Kibali mu Haut-Uélé, ku muchimbo wa zahabu, mashini za kubeba mawe chini ya udongo zinaongozwa na mutu anayeikala juu, kwenye hewa nzuri. Mwamba ukianguka, unaangukia chuma. Mimi nimebeba maiti ya wenzangu zaidi ya mara moja. Siwezi kusimama mbele ya mujane nimwambie nilikataa ile mashini kwa kulinda kazi ya bwana yake.

Lakini ule mufano wa kilimo nao haukunipita hivi. Watu wachache wanalisha inchi muzima, sawa. Na wale wengine waliotoka ku shamba, walikwenda wapi? Nani alilipa nyumba yao wakati walikuwa wanatafuta kazi ingine? Hapo bwana Carmack anaruka haraka. Kwa mutu kama yeye kuruka ni rahisi: alitoka ku michezo, akaenda ku roketi, kisha ku miwani ya kuona dunia ya uongo kwa Oculus mwaka wa 2013, na tangu 2022 iko na kampuni yake mwenyewe ya kutafuta akili ya mashini. Kila mara mulango moja ukifungwa, ingine iko wazi. Sisi wa Katanga tunakumbuka 2003, wakati watu zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines kwa départs volontaires, kwa makuta ya Banque mondiale. Pale haikukuwa mashini iliyoondoa watu, ilikuwa kuanguka kwa kampuni. Lakini tuliona namna makuta ya mara moja inavyoisha: kamio kukuu iliyokufa ku balabala, duka ndogo iliyoliwa na deni, na mutu mwenye miaka makumi mitano asiyejua kazi ingine. Envelope haimufundishe mutu kazi. Ule muzee wa lampisteri njo anaogopa ile, hata kama alisema mambo ya mashini.

Kuko pahali pengine Carmack alinisaidia zaidi kuliko alivyojua. Mwaka wa 2023 kijana moja alimuuliza kama inafaa bado kujifunza kuandika programu, juu akili ya mashini itaandika yenyewe. Akamujibu kwamba kuandika peke yake hakukuwaka njo samani ya kazi. Samani ni kutatua shida ya ule atakayetumia kitu, na kwa ile kamata chombo chochote kizuri unachokipata. Niliweka telefone chini. Juu na sisi, kushika foreuse hakukuwaka njo kazi yetu. Kazi yetu ni kujua mwamba. Ule muzee anagonga ku paa la galeri na chuma, anasikia kama mwamba unalia muzima ao umetoboka ndani, na anatoa watu mbele haujaanguka. Hakuna kijana wa biro aliye na ile masikio. Kama mashini inakuja, njo yeye wa kwanza kuikala mbele ya ekra, juu yeye njo anajua ekra inaonyesha nini. Wakimwacha inje na kuajiri paka watoto wenye kujua kucheza na vidole, watavunja mashini, na siku moja fundi atakayeshuka kuitengeneza atakufia pale.

Juu ya saa za kazi, hapo tunaachana kabisa. Carmack anatetea kazi ya saa mingi. Yeye mwenyewe alizoea karibu saa 60 kwa juma. Lakini musikilize na ile ingine: anasema pia anahitaji kulala saa nane kila usiku, na analala. Analala kwake kimya, na kazi ni yake mwenyewe, na faida ni yake. Mutu wetu wa poste ya usiku anarudi saa mbili ya asubui mu nyumba ya vyumba viwili, watoto wanalia, jirani anaponda sombe. Atalala saa ngapi? Sheria yetu ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma. Mutu akitaka kujiua na kazi yake mwenyewe ni shauri lake. Mutu wa usingizi karibu na dinamiti ni shauri la ekipi yote.

Na masomo? Hapa mutoto wangu alianza kucheka kidogo, juu alijua anakwenda kusema: Carmack aliacha université, basi na mimi niache. Nikamwambia, ngoja. Ule mutu hakuacha kusoma; aliacha kalasi. Aliendelea na vitabu mupaka leo, na aliikuwa na ordinatere ya kugusa, kuharibu na kutengeneza tena. Anaamini mutu anajifunza kwa kutengeneza kitu muzima mupaka mwisho. Wewe uko na nini cha kutengeneza? Akanyamaza, kisha akanionyesha kayé yake ya informatique. Ndani muko ordinatere iliyochorwa na kalamu, klavie na souris, vizuri kabisa, sawa mwalimu alivyoichora ku tablo na tsheki. Miaka mitatu ya ile somo, na hajagusa hata moja. Mwalimu hana kosa, anafundisha na kile alichopewa. Na inchi yetu njo inatoa karibu kilo saba ku kila kilo kumi za kobalti ya dunia, ile inayoingia mu batri ya zile telefone na ordinatere.

Kitu kimoja tena, na hiki nakipenda. Mwezi wa Desemba 1997 Carmack alitoa bure maandiko ya ndani ya Doom, mambo yote yaliyokuwa siri ya kampuni, ili kila mutu asome namna ilivyofanywa. Vijana wa dunia muzima walijifunza pale, na mupaka leo wanachezesha Doom ku mashini za kuhesabu. Sasa muangalie ku atelier yetu. Kamio mupya ikisimama, mekanisie mwenye miaka makumi mbili ya kazi haruhusiwe kuifungua. Anangojea mutu wa inje akuje na ordinatere yake, aunge waya, asome namba ya kosa. Siku moja tulingojea siku ine. Ilikuwa kapteri ya mafuta imechafuka. Fundi wetu alikuwa amesema ile tangu siku ya kwanza, kwa kunusa tu.

Basi ku mukutano nitasema hivi. Mashini ikuje. Lakini viti vya kwanza mbele ya ekra viwe vya wenye kutoboa wa leo, wazee mbele. Mafunzo yaanze miezi sita mbele ya mashini kufika, ku saa za kazi na kwa mushahara. INPP iko kwa ile, na ba patron wanailipia kila mwezi. Mafundi wetu wapewe namba za makosa na kitabu cha mashini, na ruhusa ya kufungua. Na asiyeweza kujifunza juu ya macho ao miaka, apewe kazi ya kuangalia mwamba, si envelope. Mambo ya ordinatere za masomo yako ku meza ingine: ile 0,3% ya mauzo ambayo Code minier ya 2018 inatoa kwa wenyeji. Pale ba mama wa komite ya wazazi njo wenye sauti. Mukutano wao uko siku ya posho, nyuma ya misa, na nitafika na kayé ya mutoto wangu ili waione.

Najua wengine watasema délégué amenunuliwa. Wanaweza kuja kunisemea ile usoni. Ule muzee wa lampisteri nilimwendea nyumbani siku ya pili, tukakula bukari, nikamueleza yote. Hakukubali mara moja. Aliniuliza paka neno moja: «Macho yangu, itawezana na ile ekra?» Nikamujibu sijue, tutajaribu. Mutoto wangu akamupa telefone, akamuonyesha namna ya kuendesha kamio ku muchezo moja. Muzee aliitupa mu mutaro mara tatu. Mara ya ine akafika.

Mukutano ni siku ya ine, saa tatu ya asubui. Nitaingia na ule mukanda bila sinyature, pamoja na karatasi yetu. Wale wa poste ya asubui na ya mangaribi wanaotaka jina lao liandikwe kwa mafunzo wapite kwangu mbele ya siku ya tatu, na namba yao ya kazi. Sasa tuko na majina kumi na moja. La kwanza ni la ule muzee.