Boriti: Kwa Nini Vyumba vya Wazee Wetu Vilikuwa Vyembamba

Wageni wanaotembelea Mji Mkongwe wa Unguja hupiga picha za milango. Siwalaumu, kwani milango ile imechongwa kwa ustadi mkubwa. Lakini mlango humwambia mpita njia yale ambayo mwenye nyumba alitaka yajulikane. Anayetaka kujua nyumba ilijengwaje, na kwa vitu vilivyotoka wapi, aingie ndani, akae, kisha ainue macho atazame dari.

Mimi nina tabia hiyo tangu zamani, na jamaa zangu wameizoea. Nikikaribishwa kahawa katika nyumba ya kale, iwe Mutrah, Lamu au Muharraq, natazama juu kabla sijatazama sahani ya tende. Kisha nikiruhusiwa napima. Urefu wa chumba hauna kanuni. Wapo waliojenga chumba kirefu kama ukumbi. Upana ndio unaorudi ule ule: mita 3 hivi, mara pungufu, mara umezidi kidogo. Kwa kipimo cha mafundi wa zamani ni kiasi cha dhiraa 6 au 7, na dhiraa ni mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

Nimesikia sababu nyingi zikitajwa. Wapo wanaosema ni joto, wapo wanaosema ni sitara ya wanawake, na wapo vijana wetu waliozaliwa Ghuba na Uingereza wanaodhani ni ufukara. Ufukara hauwezi kuwa sababu, maana nyumba za matajiri wa karafuu zina vyumba vyembamba vile vile, ila ni vingi zaidi na vimepangwa sambamba kimoja nyuma ya kingine. Joto na sitara vina nafasi yake katika mpango wa nyumba, lakini haviwezi kueleza kwa nini upana wa Lamu ukaribiane na upana wa mitaa ya kale ya Dubai, ambako hali ya hewa, mawe na hata mpango wa nyumba ni tofauti. Kinacholingana ni mti uliobeba paa.

Mti huo ni mkoko, ule wa mizizi ya juu inayosimama majini kama miguu ya kaa. Pamoja nao hukatwa msindi na mkandaa. Hiyo yote ni miti ya ghuba za maji ya chumvi, na ina sifa moja iliyowapendeza wajenzi: magome na mti wake vimejaa utomvu mkali unaotumika kutia ngozi rangi, na mchwa hawaupendi. Wakataji huipanga kwa unene, na kila unene una jina lake. Nyembamba kabisa ni fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe yenye unene wa sentimita 12 hivi, na juu yake nguzo. Iliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mwenye asili ya Lamu atayajua majina haya bila kufundishwa.

Mkoko unaweza kurefuka hata kupita mita 20, na hapo msomaji atauliza kwa nini basi fundi asikate mti mrefu zaidi. Jibu liko katika uzito wa paa. Juu ya boriti huwekwa mawe ya matumbawe na chokaa, tabaka nene linalopondwa mpaka likashikana. Ukiongeza urefu wa boriti mara mbili bila kuongeza unene, haipindi mara mbili tu. Inapinda mara nyingi zaidi, na paa linashuka. Tena boriti lazima iingie ukutani pande zote mbili, na kuta zenyewe ni nene. Ukiondoa kilichofichwa ukutani, kinachobaki wazi ni zile mita 3. Aliyetaka upana zaidi alilazimika kusimamisha nguzo katikati, na ndiyo maana misikiti mingi ya kale ya pwani imejaa nguzo hata safu za waumini zinakatika. Kilwa walitoka katika kifungo hicho kwa kujenga kuba na matao katika msikiti wao mkubwa, lakini hiyo ilikuwa kazi ya sultani mwenye mali nyingi.

Ndugu zangu mnaokaa Muscat mnapita kila siku mbele ya ushahidi wa upande wa pili. Mtaa wa Qurm umepewa jina la miti hiyo, kwani qurm kwa Kiarabu ndiyo mikoko, na hifadhi iliyopo pale ina msitu mzima, wenye ndege na kaa wake. Basi mbona Waomani walivuka bahari kutafuta boriti, na mikoko wanayo mlangoni? Shukeni garini mtazame. Mti wa Qurm ni mchu. Mizizi yake haisimami kama miguu. Inachomoza topeni kama kalamu zilizochomekwa, na majani yake hutoa chumvi inayoonekana kwa jicho kavu. Shina lake katika joto na chumvi ya Oman ni fupi, limepinda, na limejaa matawi tangu chini. Ni kuni nzuri na malisho mazuri ya ngamia. Boriti iliyonyooka ya kubeba paa haipatikani humo. Mkoko wa kunyooka unataka mito mikubwa inayoleta maji baridi na tope, na kwa jahazi la Ghuba hiyo ilikuwa na maana ya Lamu na, zaidi, delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya namna hiyo Afrika ya Mashariki.

Biashara hiyo ni ya kale mno. Mwanajiografia al-Istakhri, katika karne ya 10 (ya 4 Hijria), aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya pwani ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Kutoka hapo mpaka karne ya 20 mwendo haukubadilika sana. Jahazi lilikuja na kaskazi likiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, likarudi na kusi limejaa boriti. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda bum la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali al-Najdi, akafuatana nalo hadi Unguja na Rufiji, na kitabu chake cha mwaka 1940 kinaeleza taabu ya kupakia boriti katika joto, tope na mbu. Ninapendekeza kisomwe na kila kijana anayedhani safari zile zilikuwa matembezi ya mashairi na mbalamwezi.

Na hapa pana jambo ambalo majarida yetu ya urithi hulipita upesi. Boriti ilikatwa na watu wa delta, wakiwa wamezama topeni, na hakuna mlango uliochongwa majina yao. Huko Unguja katika karne ya 19, kuvunja mawe, kuchoma chokaa na kubeba vyote viwili ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya watumwa. Nyumba tunazojivunia zina historia hiyo ndani ya kuta, na mtafiti anayeandika urithi wa ukoo wake akaiacha ameandika nusu.

Ghuba waliiita chandal. Waliilaza kama tulivyoilaza sisi, ila juu yake hawakuweka mawe. Waliweka mianzi iliyopasuliwa au mikeka ya makuti ya mtende, kisha udongo. Katika nyumba nyingi za bara ya Oman, mbali na bandari, mahali pa boriti pameshikwa na magogo ya mtende. Kwa hiyo dari peke yake inaweza kukuonyesha kama mwenye nyumba alikuwa na mkono wake baharini. Lamu nako waliichonga boriti ikawa na pembe nne, jambo ambalo Unguja kwa kawaida hawakujisumbua nalo.

Aliyevunja kipimo hicho Unguja ni Sayyid Barghash. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na nguzo na mihimili ya chuma, ndiyo maana kumbi zake zilikuwa pana kuliko zilivyozoeleka. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Ghuba, saruji na nondo zilizokuja na fedha za mafuta ziliondoa haja ya chandal, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi.

Kuna jambo la haraka zaidi. Familia nyingi zetu sasa zinatengeneza nyumba za mababu, na fundi wa leo hutoa rai moja: toa boriti, mimina zege. Kabla hamjakubali, fahamuni kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji, unyevu unafungwa ndani pamoja na chumvi, na ukuta unamomonyoka kutoka moyoni. Nondo katika hewa ya bahari hushika kutu, kutu huvimba na kupasua zege. Na boriti zilikuwa zikifanya kazi ya pili ambayo haionekani: zilishikanisha kuta mbili zisiachane. Mara nyingi boriti iliyoharibika imeoza kichwa tu, pale ilipoingia ukutani na paa likavuja. Hiyo hubadilishwa moja moja, kwa chokaa, na paa hufunikwa mabati, kama walivyokwisha kufanya watu wa Unguja zamani walipoona mvua za masika hazipatani na paa bapa la Kiarabu.

Ikiwa hakuna budi nyumba ivunjwe, basi pimeni kwanza. Upana wa kila chumba kutoka ukuta hadi ukuta, chini ya dari. Unene wa ukuta kwenye dirisha. Idadi ya boriti, unene wake, na nafasi kati ya moja na nyingine. Zimechongwa au zina duara lake. Juu yake kuna mawe, mianzi au mikeka. Kateni kipande cha kichwa kimoja, kikubwa kama ngumi, mkifunge katika karatasi kavu na kuandika juu yake mtaa, chumba na tarehe, kwani mtaalamu wa miti akikitazama kwa hadubini ataweza kuutambua mti wenyewe. Picha ya dari ipigwe mkiwa mmelala chali katikati ya chumba. Picha ya mlango si lazima, tunazo nyingi.